Tupeane uzoefu: kutembea ufuoni Chumbe maji yakitoka

Mwanzisha mada: Wakuu, Chumbe ni kisiwa cha hekta 22 hivi, kusini ya Mji Mkongwe, na matumbawe yake yamehifadhiwa kisheria tangu 1994. Wanaoujua ufuo ule watupe mambo ya kushika.

Mvuvi_Mstaafu: Tazama mwezi kwanza. Bamvua, yaani maji kujaa na kutoka kuliko kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu; siku hizo Unguja maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo tu, mwamba haufunuki vya kutosha. Ingia saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, fuata maji yanavyotoka, na yakigeuka geuka nawe. Wengi hudanganywa na saa ya kwanza, kwa sababu maji huanza kurudi polepole. Bamvua kubwa hupanda kama mita 4, na nusu ya hizo huingia katika saa ya tatu na ya nne. Mfereji uliouvuka maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu utakufika kifuani.

BintiPwani: Kandambili hapana kabisa. Mwamba ule ni matumbawe ya kale, una ncha kama misumari. Vaa raba za soli ngumu zinazofunika vidole. Kanyaga mchanga au mwamba mtupu, kamwe si tumbawe hai. Palipo na mchanga wenye maji burura mguu, taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) aliyejifukia akimbie.

Daktari_wa_Kijiji: Konokono mwenye ganda la umbo la koni usimshike upande wowote, mwiba wake wa sumu hufika hata nyuma. Ukichomwa na taa au samaki-jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikiandaliwa.

Mvuvi_Mstaafu: Nyongeza kwa wanaolala kisiwani: kaa wa nazi hutoka usiku. Mkubwa hufika kilo 4 na gando lake huvunja nazi, kwa hiyo vidole mbali na mashimo. Na makombe matupu, yaani maganda ya konokono, yaacheni hapo hapo, tafadhali sana. Kaa huyo akiwa mchanga hujihifadhi ndani ya ganda la konokono mpaka mgongo wake ukomae.