Naomba ushauri: vifaa vya nyongeza vinavuruga hesabu za stoo

Habari zenu wakuu. Nipo stoo ya spea kwa wakala wa magari, Dar. Shida ni vifaa tunavyofunga kabla gari jipya halijakabidhiwa: ngao ya mbele ya bampa, karia ya juu ya paa, ndoano ya trela na waya zake za soketi ya pini 7.

Watu wa mauzo wakishamwahidi mteja kifaa, fundi anakuja kuchukua kwa maneno tu, jobu kadi (karatasi ya kuagiza kazi ya gari hilo) inafuata baadaye. Mteja akighairi, boksi linarudi limeshafunguliwa: ngao ipo, bolti mbili na breketi ya kushoto hazipo. Kwenye sistimu linasomeka seti kamili. Tunagundua gari lingine likiwa tayari juu ya lifti na bampa imeshatolewa.

Tumeweka fomu yenye namba ya chasi na saini ya mauzo, na lebo ya chasi hiyo kwenye boksi. Imesaidia, ila Ijumaa magari manne yakitoka pamoja fomu husahaulika (mauzo hao!).

Je, kifaa mnakitoa kwenye sistimu kikichukuliwa au kikishafungwa? Na seti iliyopungua bolti, mnaiingiza kwenye sistimu kwa namba nyingine ya spea au gharama inabebwa na gari lililoifungua?