Naomba ushauri: paka wangu anatua, dumbaki linachelewa

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Natengeneza katuni ya dakika mbili: paka kaiba samaki aina ya changu sokoni, muuza samaki anamkimbiza mpaka gatini. Michoro imeniridhisha, sauti ndiyo inayonitoa jasho.

Kwenye mbio nimeweka dumbaki, ile ngoma ya taarab. Picha zangu ni 24 kwa sekunde, mapigo 120 kwa dakika, kwa hiyo pigo moja kila picha 12. Nikapanga kila mguu wa paka ukanyage juu ya pigo. Kumbe mpigaji ni mjomba wangu, na mjomba akinogewa hashikiki! Mara anaongeza kasi, mara anapunguza ili aringe. Kufika sekunde ya arobaini, paka keshatua juu ya paa ndipo linalia "du!". Vichekesho vyote vimekufa hapo.

Najua katika katuni ya Steamboat Willie ya mwaka 1928 wapigaji walifuata alama iliyokuwa ikidunda kwenye filamu. Je, nimvalishe mjomba vipokea sauti asikie mdundo wa kompyuta, au nimwache apige anavyotaka, kisha nichore upya kwa kumfuata yeye? Naogopa mdundo wa mashine utamuulia ladha.

Na paka akidondoka baharini: fidla ishuke naye mpaka chini, au kimya kabisa, halafu "chubwi!"? Mimi moyo uko kwenye kimya, ila mjomba kanuna, anasema nambania fidla.