Ukuta wangu wa mawe umetoa kitambi baada ya mvua, nianzeje upya?

Mteremkoni

Wakuu, salaam. Nina shamba la mteremko ninaloliendeleza pole pole. Nyumba itakaa juu palipo tambarare, na chini yake nataka bustani ya ngazi zenye kuta za mawe: mboga, viungo na miti michache ya matunda. Kipande cha bustani ni mita 20 kwenda chini na mita 15 upana, na kutoka ukingo wa juu hadi wa chini kinashuka kama mita 4. Mawe yamejaa, kila nikipiga sururu nakutana nalo, nikaona badala ya kuyatupa niyatumie.

Nilimweka fundi akanijengea ukuta wa majaribio kwa saruji, urefu mita 6, kimo mita moja na nusu. Ulipendeza kweli. Ikanyesha siku nne mfululizo, ukuta ukatoa kitambi katikati, na sasa una ufa unaoingiza vidole viwili. Fundi anasema mchanganyiko ulikuwa hafifu, tubomoe tuongeze saruji na nondo. Mke wangu anasema niachane na mawe nipande majani tu.

Naomba ushauri: saruji au mawe matupu? Kimo gani? Na nianzie juu au chini?

Fundi Timazi

Mkuu, kabla hatujafika mbali: aliacha matundu ya kutolea maji? Na nyuma ya ukuta alijaza nini?

Mteremkoni

Matundu hakuna. Nyuma alirudishia udongo uleule tuliochimba, mfinyanzi mwekundu.

Fundi Timazi

Basi saruji uisamehe. Mlijenga bwawa bila kujua. Mfinyanzi ukishashiba maji hauyaachii, unavimba, na maji yenyewe yanasukuma ukuta pamoja na uzito wa udongo. Ungeweka nondo ungechelewesha tu siku ya kuanguka.

Halafu kimo. Watu wengi hudhani ukuta wa mita moja na nusu unabeba mara mbili ya ule wa sentimita 75. Siyo. Ukikipandisha kimo mara mbili, msukumo wa udongo unakuwa mara nne, na nguvu ya kuupindua ukuta inafika mara nane. Ndiyo maana ngazi nyingi fupi zinakaa na ukuta mmoja mrefu unalala. Kwako mshuko ni mita 4: weka kuta 5 za sentimita 80. Kila ngazi inapata mita 4, ukitoa unene wa ukuta unabaki na kama mita tatu na nusu za kulima. Ukitaka kupita mita 1.2 kwenda juu, hapo mtafute mhandisi aje aone udongo, usiniulize mimi.

Kuta zisibanane pia. Ule wa juu ukae nyuma ya ule wa chini angalau mara mbili ya kimo cha huo wa chini, la sivyo wa chini unambeba mwenzake mgongoni.

Msela Porini

Nunua nyavu za gabioni, jaza mawe, lala usingizi.

Mama Kontua

Gabioni si mbaya, Msela, ila waya nao una siku zake, na mwenzetu ana mawe ya bure mpaka anayakanyaga. Mimi kuta zangu ni za kupanga bila tone la saruji. Maji yanapenya kila mahali kwa hiyo hayapati pa kujikusanya, na udongo ukitulia ukuta unatulia nao bila kupasuka. Wakonso wa Ethiopia wameshikilia milima yao kwa kuta za namna hiyo kwa zaidi ya miaka 400, na UNESCO ikawaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Hata Engaruka, Tanzania, ngazi za mawe bado zinaonekana na wenyewe walishaondoka karne kadhaa zilizopita.

Lakini kupanga mawe si kurundika mawe. Kaka, shika haya:

Chimba msingi sentimita 20 au 30 mpaka upate udongo mgumu, na sakafu ya msingi iinamie nyuma kidogo, upande wa mlima. Mawe makubwa kabisa yanakwenda huko chini. Usiyaringishe juu kwa kuwa ni mazuri. Kitako cha ukuta wa sentimita 80 kiwe na upana wa 50, na ukuta uegemee mlima: kila ukipanda 6 unarudi nyuma 1, kwa hiyo kileleni umerudi kama sentimita 13.

Jiwe refu liingize ndani. Hapa ndipo wanagenzi wanapokosea, wanalilaza jiwe refu ubavu ili lionekane, kumbe limesimama kama ganda tu. Kila jiwe likalie mawili chini yake, ili mshono usishuke moja kwa moja. Na kila baada ya mita moja hivi weka jiwe moja la kufungia, lipite kutoka usoni hadi nyuma. Matundu ya katikati yazibe kwa vipande vya mawe kimoja kimoja kwa mkono, usimwage udongo humo. Ukisimama juu ya jiwe likatikisika, litoe uanze tena.

Nyuma ya ukuta jaza kokoto unene wa sentimita 30, halafu kitambaa cha kuchuja, ndipo udongo. Bila kitambaa, tope litaziba kokoto na utarudi kulekule kwenye bwawa la Timazi.

Mteremkoni

Mama, asante sana, somo limeingia. Ila nyoka je? Mke wangu amesoma hapa kwamba ukuta una matundu, na ule mpango wake wa majani umepata nguvu mpya.

Mama Kontua

Mwambie shemeji hajakosea. Matundu yanakaribisha mijusi na vyura, na mara mojamoja nyoka. Mimi nafyeka majani chini ya ukuta na naziba matundu makubwa ya usoni kwa vijiwe. Na siingizi mkono nisipoona.

Jembe Kali

Kwenye kuanza: anza juu ushuke. Ukianza chini maji ya juu yatakukuta kazini.

Fundi Timazi

Jembe, nusu umepata. MTARO ndio unaanza juu, wa kukinga maji yanayotoka kwenye nyumba na mlima na kuyapeleka pembeni mahali penye mawe au majani, pasipomomonyoka. Lakini ukuta unaanza chini. Ukichimba ngazi ya pili, udongo wake unaushusha kujazia nyuma ya ukuta wa kwanza. Ukianza juu utabeba udongo kwa toroli kupandisha, na mgongo utakushitaki.

Kabla hujachimba popote, kwangua udongo mweusi wa juu, sentimita 15 hadi 20, urundike pembeni. Huo ndio utakaorudishwa mwisho juu ya kila ngazi. Wengi wanauzika chini kisha wanashangaa mboga zinadumaa.

Jembe Kali

Sawa fundi, nimekubali. Basi aweke njia ya toroli kwanza, na kama kuna shimo la maji taka au bomba la kupita bustanini, lipite sasa. Mimi nilibomoa ukuta mzima kupitisha bomba la nusu inchi. Bado sijasahau.

Mteremkoni

Hesabu yangu: kuta 5, kila moja mita 15, jumla mita 75. Mawe ya kutosha kweli yapo?

Mama Kontua

Kila mita moja ya ukuta huo pamoja na msingi inakula karibu nusu mita ya ujazo, uzito kama kilo 800. Mara 75, ni tani 60. Usiogope, usijenge zote. Jenga ule wa chini, pitisha msimu mmoja wa mvua, tazama maji yanapotokea, ndipo uende wa pili. Mteremko uliobaki ushikilie kwa fanya juu: chimba mtaro kwenye kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, udongo urushe upande wa juu, panda majani kwenye tuta. Shemeji naye atapata majani yake.

Mteremkoni

Hiyo kontua naipataje bila mpimaji?

Fundi Timazi

Fremu ya A. Mbao mbili zenye urefu sawa, ya tatu ya kukatiza katikati, uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa mbao ya kukatiza, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo usawa. Kisha tembea nayo ukipiga vigingi. Ngazi yenyewe ishuke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mtaro wa pembeni.

Mteremkoni

Leo nimebomoa. Nyuma ya kile kitambi mfinyanzi bado ulikuwa uji, na mvua imekata wiki mbili zilizopita. Mawe nimeyapanga kwa ukubwa, fremu iko tayari. Mke wangu ndiye ameshika uzi.