Fantastic Four ya 2015: nani aliiharibu, mwongozaji au matajiri wa studio?

Korosho Ghafi: Wakuu, jana usiku nimeirudia ile filamu ya 2015 ya mashujaa wanne wenye nguvu za ajabu, nikidhani mwaka ule labda nilikuwa na usingizi. Sikuwa na usingizi. Dakika 100, na mapigano ya maana unayapata mwishoni kabisa. Mwongozaji wake, Josh Trank, alishatuonyesha kwenye filamu yake ya Chronicle (2012) kwamba hata hela ya mboga anaipikia. Huyo huyo kapewa kama dola milioni 120, kikatoka hiki. Siku moja kabla haijatoka akaandika Twitter kwamba mwaka uliopita alikuwa na toleo zuri ambalo pengine hatutaliona, kisha akafuta. Mimi nasema studio ya Fox ndio walioiua. Anayepinga aje.

Msimbati Mwisho wa Lami: Trela yake ilikuwa kama gesi yetu ya Mtwara. Tukashangilia weee, bomba likanyooka Dar.

Mama Wawili Lindi: Ya gesi uyaache. Tukianza hapo hatulali.

Fundi Banda: Mimi napinga. Nimeendesha banda la video miaka sita Magomeni (ya Mtwara, msinikimbilie na ya Dar). Mkanda mbaya unaujua watu wakianza kudai mpira. Huo niliuweka Jumamosi, nusu saa tu wanataka marudio ya Arsenal. Mtu katoa mia mbili yake aone jamaa wa mawe anavunja kitu, wewe unamwonyesha wanafunzi wanaunganisha nyaya. Halafu wakishapata nguvu, kioo kinaandika "mwaka mmoja baadaye". Jamani, huo mwaka ndio tuliokuwa tunausubiri!

Korosho Ghafi: Sasa Fundi, si ndiyo hoja yangu? Nani kaukata huo mwaka?

Fundi Banda: Mimi sijui nani kaukata. Najua nilirudisha hela za watu.

Mama Wawili Lindi: Na wigi la yule dada, Sue, je? Anaanza sentensi na nywele hizi, anaimaliza na nyingine. Hapo ndipo unapojua walirudi kupiga picha upya, wakashona viraka.

Mwana Newala: Kwangu shida si wigi, ni ukoo. Johnny na Sue ni ndugu, lakini Johnny ni Michael B. Jordan, baba yake mweusi, Sue mzungu. Eti Sue kaasiliwa kutoka Kosovo. Sina ubaguzi, ila tuseme ukweli, mtoto wa kulea si ndugu, ndiyo maana wale wawili hawana joto lolote. Ile ya 2005, Jessica Alba na yule Captain America walikuwa wanazozana kindugu kabisa.

Korosho Ghafi: Chris Evans. Na 2005 alikuwa bado hajawa Captain America.

Binti Masasi: Rudia hapo, kaka. Mtoto wa kulea si ndugu?

Mwana Newala: Dada, naongelea filamu.

Binti Masasi: Hapana, umesema "tuseme ukweli". Mimi nimelelewa na mama mkubwa tangu nina miaka miwili. Wanawe sijawahi kuwaita binamu, na siku niliyoolewa waliokaa mbele ni wao. Wewe hao ndugu zako wa damu wamekufikisha wapi?

Mwana Newala: Mama mkubwa ni damu. Umejijibu mwenyewe.

Binti Masasi: Na mlezi aliyetulea wote bila damu yoyote, yule mume wake? Nimwite nani, jirani?

Msimbati Mwisho wa Lami: Nachukua korosho za kukaanga, nakaa.

Babu wa Mikindani: Wajukuu, taratibu. Sisi Wamakonde, na Wayao vilevile, kwa asili ukoo unapita kwa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Kwa hesabu hiyo huyo Johnny tungemuulizia kwa mama yake, na nimeangalia mkanda wote, mama sikumwona, mjomba sikumwona. Ndiyo maana vijana wamelewa usiku, wakajitia kwenye mtambo wa kwenda dunia nyingine, hakuna wa kuwauliza mnakwenda wapi saa hizi.

Fundi Banda: 😂😂 Babu kamaliza. Lililokosekana ni mjomba, si mwongozaji.

Mama Wawili Lindi: Tena Sue hata hawakumwita. Kaachwa nyuma, mlipuko ukamfuata wakati wao wanarudi. Kwa hapo Newala ana kahoja kidogo. Ndugu gani huyo asiyeitwa safarini?

Binti Masasi: Mama Wawili, na wewe?

Mama Wawili Lindi: Naongelea filamu, mwanangu!

Mwana Newala: Asante. Watu wamekuwa wepesi wa kuumia. Kulea ni jambo jema, sikatai, ila kuna mipaka. Unamlea mtu, unamsomesha, mzee akifumba macho anakuja na karatasi kudai ekari tatu za mikorosho sawa na nyinyi mliozaliwa mle ndani.

Binti Masasi: Ahaa.

Binti Masasi: Kumbe Sue ana mikorosho.

Korosho Ghafi: Wakuu, swali lilikuwa mwongozaji au studio.

Msimbati Mwisho wa Lami: Kaa pembeni, mwenye uzi. Hii ndiyo yenye stelingi.

Babu wa Mikindani: Mjukuu wangu wa Newala, nikwambie bila kukuficha. Kama nyumba yenu ni ya Kiislamu, mtoto wa kulea harithi, hilo liko wazi. Ila marehemu akiwa hai aliweza kumuusia, mradi isizidi theluthi ya mali. Kwa hiyo ukishamaliza kugomba, nenda kaangalie kwanza kama kuna wasia, na shamba zima ni ekari ngapi.

Fundi Banda: Newala? Bado upo?

Mwana Newala: Nipo.

Mwana Newala: Kumi na moja. Na wasia upo, babu. Kwa mwandiko wake mwenyewe.