Tupeane uzoefu: ukiwa sekondari, kati ya nyumbani na shuleni wapi palikuvuruga kichwa zaidi?

Msafiri wa Buhongwa
Wakuu habari za jioni. Leo kwenye daladala nimekaa nyuma ya mabinti wawili wa sare, kidato cha pili nadhani maana walikuwa wanaongelea upimaji wa taifa. Mmoja anamwambia mwenzake "mi nikikosa divisheni wani sirudi nyumbani, bora niende kwa mamdogo Geita nikauze maandazi." Kasema kawaida kabisa huku anatafuna karanga. Konda mwenyewe kageuka. Basi mambo yangu niliyokuwa nimeyafunika yote yakafunuka. Waliosoma Mwanza na kandokando ya ziwa, dei na bodingi wote karibuni. Wa kuleta siasa apite kushoto.

Binti wa Mwaloni
Ngoja nianze mimi. Nimekulia Kirumba, mzee alikuwa na mitumbwi ya dagaa. Wanaojua dagaa wanajua, unavua kipindi cha giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, watu wanapaki mitumbwi wanashona nyavu. Sasa kwetu giza ndo ilikuwa raha. Mzee anaondoka jioni na karabai zake anarudi asubuhi kachoka analala, hela ipo, mama anaimba jikoni. Mwezi ukianza kunenepa mi tumbo linaanza, na sio utani, tumbo kabisa la kuharisha. Maana hapo mzee yupo nyumbani mchana kutwa, anadaiwa mafuta, vijana wake wanadai posho, anaanza na pombe mwaloni anakuja kumalizia kwa mama. Nilikuwa nalala na viatu. Viatu vya shule, kamba nimefunga, maana mama akipiga kelele mimi na wadogo zangu tunatokea dirishani kwenda kwa bibi jirani na nilishachoka kukimbia peku usiku kwenye yale mawe.

Shuleni sasa. Mwalimu wa hesabu aligundua nafanya vizuri wiki mbili, wiki mbili navurunda. Akanisimamisha mbele ya darasa akasema akili za huyu zinakuja na kukatika kama umeme. Darasa zima likacheka, nikaitwa Tanesko mpaka namaliza. Hakuna aliyekaa chini akajiuliza hizo wiki mbovu zinaangukia wapi. Leo nimeolewa niko Dodoma, ziwa hakuna, mume wangu akiona mwezi mpevu anaita watoto nje waje waone, mimi naingia ndani nafunga madirisha.

Kisorya Boy
Hapo kwenye mwezi umenimaliza dada. Kisorya hivyo hivyo.

Ngosha Halisi
Mnalialia nini sasa. Sisi tumesoma na fimbo, tumetembea kutoka Kisesa kwa mguu, mvua yetu jua letu, na leo tuna familia. Watoto wa siku hizi ukimgusa kidogo dipresheni. Enzi zetu hiyo dipresheni ilikuwepo? Mzazi akikuchapa anakupenda.

Bwiru Kwa Juu
Ngosha hiyo familia unayo ila juzi kwenye mada ya mirathi ulisema hujaongea na baba yako tangu 2009. Tuanzie hapo au tuache?

Ngosha Halisi
Hiyo ni mada nyingine usichanganye madesa.

Karani Mstaafu
Kwa faida ya wengi, kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, mkuu wa shule ndo achape au ampe mwalimu kibali, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu.

Bwiru Kwa Juu
Hicho kitabu kwetu kilikuwepo mzee wangu, nilikiona. Kilikuwa kinazuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo.

Dabo Deka
Mimi niliambiwa ni mchawi.

Kidato cha tatu, bodingi ya wasichana ng'ambo ya ziwa upande wa Sengerema, shule siitaji. Ilikuwa kipindi cha moko, ile mitihani ya majaribio, na kipindi hichohicho wanasoma majina ya wanaodaiwa ada pale mstarini, ukitajwa unafungasha. Watu hawalali. Prepu ya alfajiri saa kumi, ya usiku inaisha saa tano, ukisinzia unapiga magoti kwenye kokoto. Usiku mmoja dada wa kidato cha nne akaanza kupiga kelele bwenini, anasema kuna bibi kamkalia kifuani. Kabla hatujajielewa wakapokea wengine, kitanda hiki, kitanda kile, huyu anacheka, yule analia, wengine wanakimbilia mlangoni wanajigonga. Metroni akaja na maji ya baraka, ndo kwanza bweni la pili nalo likaitikia. Asubuhi mchungaji. Mchana wazazi wa mmoja wakaleta mtaalamu wao kavaa kaniki. Mtaalamu hakuuliza hawa watoto wanalala saa ngapi. Aliuliza kuna mwanafunzi yeyote wa kutoka Bariadi?

Kwetu Bariadi. Na mnaijua Gamboshi, kijiji cha hukohuko, na sifa zake za uchawi, mi hata kukanyaga sijawahi. Wakafungua tranka langu mbele ya shule nzima. Wakatoa mafuta ya mgando, madaftari, vitambaa vyangu vya hedhi wakavianika pale juu ya nyasi, na kikopo cha unga wa ubuyu alionipa mama nikoroge kwenye uji. Ule ubuyu ndo ukawa ushahidi. Mkuu wa shule, mtu na digrii yake, kainama anaunusa ubuyu.

Wakanilaza stoo ya magodoro mpaka baba alipokuja. Baba akasikiliza upande wa shule tu. Kwenye kivuko cha Kamanga alisimama mbele kwenye magari, mi nyuma na tranka. Kufika nyumbani akamwambia mama "mtoto wenu huyo", akimaanisha ukoo wa mama. Mama akaniambia mayu nyamaza, yatapita. Hayakupita. Nikaacha kula na watu, nikawa nang'oa nywele nyuma ya sikio, mojamoja, mpaka pakawa peupe nikawa nashinda na kilemba. Shangazi yangu alikuwa anauza vitenge Makoroboi, ndo alinibeba mpaka hospitali ya Bugando, magonjwa ya akili, baba kagoma kutoa hata nauli anasema tunajitangaza. Daktari habari za uchawi hakuzigusa. Aliniuliza unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi. Nililia pale mpaka shangazi akatoka nje. Dawa nilimeza, maongezi tuliongea kwa muda mrefu, mtihani wa nne nilikuja kuufanya kama mtahiniwa binafsi. Baba alikuja kuniita kwa jina langu siku ya matokeo.

Kisorya Boy
Duh.

Mama Masanja
Huo ubuyu jamani. Pole mwanangu.

Nyanda wa Igoma
Sasa yule bibi alikuwa nani?

Bwiru Kwa Juu
Nyanda umesoma kweli au umeangalia tu urefu?

Mtumishi wa Nyakato
Dada pole sana, walikukosea. Ila msivuke mpaka mkasema mapepo hayapo. Nimeyaombea kwa mikono yangu, mtoto wa darasa la saba anaongea sauti ya mzee. Bweni lisilo na maombi liko wazi.

Mzee wa Muleba
Mtumishi ngoja nikupe ya kwetu. Kashasha, upande wa Bukoba, shule ya wasichana, tarehe 30 Januari 1962. Wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ikasambaa, kucheka na kulia na kukimbiakimbia, mpaka ikawa 95 kati ya wanafunzi 159, na mwezi wa tatu shule ikafungwa. Watoto wakaenda makwao ikatokea na vijiji kama Nshamba. Madaktari walitafuta sumu, walitafuta ugonjwa wa kuambukiza, hawakuona kitu. Walimu haikuwapata hata mmoja. Waliokuja kuichambua baadaye wakasema ni presha ya bodingi, watoto wamefungiwa kwenye masharti makali hawana pa kusemea, mwili ukasema wenyewe. Kwetu ukimtajia mzee habari ya omuneepo, ndo jina la hicho kicheko, anakuelewa.

Mtumishi wa Nyakato
Kicheko ni kicheko na pepo ni pepo mzee wangu.

Mzee wa Muleba
Sawa, na kwa nini pepo anapanda wakati wa moko tu, likizo anakwenda wapi?

Ngosha Halisi
😂😂 Mzee umeua.

Mwalimu wa Zamu
Nifundishe kidogo, maana wote mnarusha kwa walimu. Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni kwangu. Pia nafundisha baiolojia mikondo yote, pia niko kamati ya nidhamu. Yaani asubuhi niko kwenye kikao cha kumsimamisha mtoto masomo na mchana natakiwa mtoto huyohuyo aje anieleze siri zake. Wewe ungekuja? Ofisi yenyewe ni kona ya maktaba, mnaongea huku watu wanarudisha vitabu. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili yanaanza mtu hajavuka miaka 14, ambao ndo umri wa hawa tunaowapokea kidato cha kwanza, na wanaletwa na mzazi anayekuuliza jambo moja tu, anashika nafasi ya ngapi.

Capripoint Mwisho
Hapo kwenye nafasi! Necta wenyewe, baraza la mitihani, waliacha kutangaza kumi bora tangu Januari 2023 ila baba yangu bado anatangaza sebuleni, sisi wanne, tumepangwa mstari, wa mwisho anakula baada ya wote. Mi nilikuwa wa mwisho miaka yote. Nakula haraka mpaka leo, watu wanadhani nina njaa.

Kisorya Boy
We nawe ungesoma basi.

Capripoint Mwisho
Nilikuwa wa tisa darasani kati ya watu mia na kitu. Nyumbani ndo nilikuwa wa mwisho. Soma vizuri.

Mama Masanja
Wanangu mimi ni mzazi, sijui kama naruhusiwa hapa. Nina kijana wa kidato cha pili, wa pili wangu. Tangu tulipomhamisha shule mwaka huu akirudi anajifungia chumbani, chakula anakula usiku tukilala, mpira kaacha na alikuwa haambiliki kwa mpira. Juzi namfulia sare nimekuta daftari la kemia kachana kurasa zote kabakiza gamba. Nikimuuliza anasema hamna kitu mama. Baba yake anasema ni balehe, atachapwa itaisha. Nifanyeje?

Ngosha Halisi
Mama shikamoo. Nyang'anya simu. Simu ndo mganga wao.

Binti wa Mwaloni
Simu usinyang'anye mama, labda ndo mtu pekee anayeongea naye. Mkae jikoni mchambue dagaa wote wawili, usimwangalie usoni, usiulize shule. Wavulana wanaongea mikono ikiwa na kazi.

Nyanda wa Igoma
Mpeleke Magu kwa babu yake akachunge mwezi mmoja, atarudi mtu.

Bwiru Kwa Juu
Mi nilipelekwa Magu. Nilirudi najua kukamua na huzuni yangu ileile, sema sasa ilikuwa inanuka ng'ombe.

Mtumishi wa Nyakato
Mlete ibada ya vijana Jumamosi, simlazimishi kitu, kuna kinanda na kuna vijana wenzake. Na hospitali pia mpeleke, hivi vitu havigombani.

Mzee wa Muleba
Mtumishi leo tumekubaliana.

Mwalimu wa Zamu
Mama, kwanza nenda shule mpya bila yeye kujua, ulizia anakaa na nani darasani na nani anamsumbua. Daftari la somo moja kuchanwa hivyo, anza na kipindi cha kemia. Halafu kuna namba 116, huduma kwa mtoto, bure kabisa, hata wewe mzazi unapiga. Na mzee wa nyumbani ashushe fimbo kwanza. Akisema hata kwa utani kwamba amechoka kuishi, usisubiri Jumatatu, siku hiyohiyo hospitali na usimwache peke yake.

Dabo Deka
Mama mimi ningekwambia hospitali mapema. Bugando ni ya rufaa, kama mnatumia bima anzia Sekou Toure au kituo cha karibu wakuandikie, usije ukarudishwa getini na mtoto kashakata tamaa kuja. Asubuhi mapema. Na kaa nje akitaka kuongea na daktari peke yake, usijisikie vibaya.

Ngosha Halisi
Dada wa Bariadi nakuheshimu. Ila kama kweli ule ubuyu ulikuwa na kitu isaidie timu yetu ya Pamba Jiji.

Dabo Deka
Pamba ubuyu hautoshi, leta tranka zima.

Mama Masanja
Wabeja sana wanangu. Kesho napitia shuleni, Jumatatu tunakwenda Sekou Toure. Nimeshamwambia mwenyewe, kanyamaza kidogo akauliza tunatoka saa ngapi. Baba yake nimemwambia tunakwenda kupima macho.

Ngosha Halisi
Na macho mpime kweli mama, mzee asije akadai miwani.