Seva ya kituo cha maziwa Tukuyu: diski ya kwanza ikifa, ya pili itabuti?

Karani_Rungwe

Wakuu, habari za jioni. Natunza kumbukumbu za kituo cha kukusanyia maziwa huku Tukuyu. Asubuhi na jioni wafugaji wanaleta maziwa, yanapimwa kwa laktomita, lita zinaingizwa kwenye kompyuta ya dirishani, na kila kitu kinakaa kwenye seva moja ndani ya ofisi. Ni HP ya mtumba, mfumo endeshi ni FreeBSD 14, mafaili yanatunzwa na ZFS (hifadhi yake inaitwa zroot), hifadhidata ni PostgreSQL. Malipo ni mwisho wa mwezi. Akina mama wengi hawana karatasi nyingine yoyote, lita zao za mwezi mzima ziko mle tu.

Wiki hii nimepitisha smartctl (programu ya kupima afya ya diski) nikakuta hivi:

```
  5 Reallocated_Sector_Ct    24
197 Current_Pending_Sector    8
```

Ya juu ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika zikabadilishwa, ya chini ni zenye shaka. Mwezi uliopita zote zilikuwa sifuri. Nimemwonyesha mwenyekiti, akatoa hela siku hiyo hiyo, nikaenda Mbeya mjini kununua diski nyingine ya TB 1. Imeshachomekwa na mfumo unaiona kama ada1. Ile ya zamani, ada0, imegawanywa patisheni (vyumba vya diski) nne hivi:

```
ada0p1  efi           260M
ada0p2  freebsd-boot  512K
ada0p3  freebsd-swap  2.0G
ada0p4  freebsd-zfs   929G
```

Naweza kuzifanya diski pacha, kila kitu kiandikwe kwenye zote mbili, bila kufunga mfumo upya? Na kubwa zaidi: ada0 ikifa alfajiri, madumu yameshapangwa mlangoni, mashine itawaka na ada1? Kuna fundi ameniambia niandike `zpool add zroot ada1` na kazi imekwisha. Nimesita.

MamaSeva_Iringa

Kamwene mdogo wangu, na pole na kazi. Umefanya vizuri sana kusita. Hiyo `zpool add` usiiandike kabisa. Inapanua hifadhi, haitengenezi pacha. Data mpya inaanza kugawanywa, nyingine huku nyingine kule, na siku diski moja ikifa umepoteza zote. Amri yenyewe haikuulizi mara mbili, inakubali tu. Unachotaka ni `zpool attach`.

Kabla ya hapo, bakapu, na iwe leo. Hiyo Pending 8 maana yake kuna sekta nane ambazo diski imeshindwa kuzisoma sawasawa. Kuunganisha pacha kunailazimisha isome data yote iliyomo bila kupumzika, na diski inayoumwa hukata roho hapo hapo. Piga `pg_dumpall` (inatoa nakala ya hifadhidata yote) kwenda diski ya nje, kisha uichomoe hiyo diski ya nje na kuifungia kabatini. Na ukishakuwa na pacha usiache bakapu: mtu akifuta rekodi ya mfugaji kwa bahati mbaya, inafutika pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Halafu linganisha ukubwa kwa `diskinfo -v ada0 ada1`, mstari wa mediasize. Ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, mpangilio hautaingia. Tazama pia Power_On_Hours ya hiyo uliyonunua, ujue kama ni mpya kweli.

Sasa kazi yenyewe:

```
gpart backup ada0 | gpart restore -F ada1
gpart bootcode -b /boot/pmbr -p /boot/gptzfsboot -i 2 ada1
newfs_msdos -F 32 -c 1 /dev/ada1p1
mount -t msdosfs /dev/ada1p1 /mnt
mkdir -p /mnt/efi/boot
cp /boot/loader.efi /mnt/efi/boot/bootx64.efi
umount /mnt
zpool attach zroot ada0p4 ada1p4
```

Mstari wa kwanza unanakili mpangilio wa patisheni kutoka ada0 kwenda ada1, na chochote kilichokuwa ada1 kinapotea. Wa mwisho ndio unaotengeneza pacha. Watu wengi wanafanya hiyo miwili tu, wanaona `zpool status` imeandika mirror-0, wanafurahi na kwenda zao. Hapo ndipo swali lako la pili linapokaa, na naomba ulielewe vizuri.

ZFS inanakili patisheni ya nne peke yake. Ya kwanza na ya pili haizigusi, maana haziko ndani ya zroot. Lakini mashine ikiwashwa haianzii ZFS. Kama inabuti (inajiwasha) kwa UEFI, programu ya kuwashia iliyomo ndani ya mashine, inatafuta patisheni ndogo ya FAT, inafungua faili la loader (kipakiaji), na hilo ndilo linaloijua ZFS na kuita kerneli, kiini cha mfumo. Kama ni BIOS ya zamani, kazi hiyo inafanywa na pmbr (msimbo mdogo mwanzoni mwa diski) na kile kilichomo p2. Ukiacha ada1p1 na ada1p2 tupu, utakuwa na diski yenye lita zote za wafugaji, kamili, hakuna hata moja iliyopungua, ila haiwezi kujiwasha. Saa kumi na moja alfajiri hiyo haikusaidii.

Ndiyo maana nimekuwekea njia zote mbili, ya UEFI na ya BIOS. Ukitaka kujua yako inatumia ipi, `sysctl machdep.bootmethod` itakwambia. Na jina bootx64.efi ndani ya efi/boot usilibadilishe, kwa sababu ndipo UEFI inapochungulia ikiwa haina maelekezo mengine iliyoyahifadhi kuhusu diski hiyo.

Jambo moja linasahaulika sana: ukihamia toleo jipya la FreeBSD, freebsd-update haigusi patisheni hizo za kubutia. Rudia bootcode na nakala ya loader.efi kwenye diski zote mbili, na usiendeshe `zpool upgrade` kabla ya hapo. Loader ya zamani inaweza kukutana na hifadhi mpya ikashindwa kuisoma.

Fundi_Mwanjelwa

Kwa nini mnajisumbua hivyo? HP nyingi zina RAID (njia ya kuunganisha diski) kwenye BIOS. Ingia, chagua RAID 1, yaani pacha, mashine yenyewe inamaliza.

MamaSeva_Iringa

Kaka, naheshimu ufundi wako, ila kwa kituo hiki siungi mkono. Kwanza, kuwasha RAID hiyo kwenye diski yenye data tayari mara nyingi kunamaanisha kuanza upya. Pili, mazabodi ikipigwa na radi, na mvua za Tukuyu unazijua, utatafuta mashine ya aina ile ile ndiyo usome diski zako. Diski ya ZFS unaichomeka kwenye kompyuta yoyote yenye FreeBSD, `zpool import`, unaendelea.

La tatu ndilo ninalolithamini zaidi. ZFS inaweka hesabu ya uhakiki kwa kila kipande cha data. Nakala mbili zikitofautiana, inajua ipi ni sahihi na inairekebisha ile mbovu. RAID ya kawaida inaona tu kwamba hazifanani. Hapa tunazungumzia diski yenye sekta mbovu tayari, kwa hiyo tofauti hiyo si ya vitabuni.

Njombe_Kernel

Mama amemaliza, naongeza kidogo. Karani, fungua /etc/fstab (orodha ya patisheni zinazofunguliwa mfumo ukiwaka) kabla hujajaribu chochote. FreeBSD 14 mara nyingi huweka mstari kama huu:

```
/dev/gpt/efiboot0  /boot/efi  msdosfs  rw  2  2
```

Jina efiboot0, lebo ya patisheni ya EFI (p1), liko kwenye diski ya kwanza tu. Diski hiyo ikiondoka, kerneli itaamka vizuri kutoka ya pili, ZFS itafunguka, kisha mfumo utaitafuta efiboot0, utaikosa, na utasimama kwenye hali ya mtumiaji mmoja ukisubiri mtu abonyeze Enter kwenye kibodi. Kwa mtu wa dirishani hiyo ni seva iliyokufa. Badilisha iwe:

```
/dev/gpt/efiboot0  /boot/efi  msdosfs  rw,noauto  0  0
```

Kubuti hakuhitaji /boot/efi iwe imefunguliwa. Utaifungua kwa mkono siku ya kubadilisha loader.

Swapu ya p3 (nafasi ya diski inayosaidia RAM) nayo haiko ndani ya ZFS. Kama RAM yako inatosha, izime. Kama haitoshi, ifanye pacha kwa gmirror, maana diski ikifa huku programu ina kurasa zake kwenye swapu, programu hiyo inaanguka nayo.

Kwa wanaotumia Debian (Linux) na mdadm, programu yake ya RAID, shida ni ile ile kwa sura nyingine: patisheni ya EFI ukiitia kwenye RAID 1, tumia `--metadata=1.0`. Kumbukumbu za RAID zinakaa mwishoni, na UEFI inaona FAT ya kawaida. Ile 1.2 inayokuja yenyewe inakaa karibu na mwanzo, UEFI haitaielewa.

Karani_Rungwe

Ndaga fijo, mama, na wewe kaka wa Njombe. Bakapu nimeitoa kwanza, iko kabatini kwa mwenyekiti. Diski zinalingana ukubwa. Bootmethod ni UEFI, na mstari wa efiboot0 ulikuwepo kweli, nimeubadilisha. Attach imemaliza kunakili data kwenda diski mpya (resilvered) hivi:

```
scan: resilvered 38.4G in 00:14:22 with 0 errors
```

Jioni baada ya mfugaji wa mwisho kuondoka nimezima mashine, nimechomoa waya wa ada0, nimewasha. Imewaka! Dirishani jina la mfugaji linatafutwa na lita zinatokea kama kawaida. Sasa `zpool status` inasema DEGRADED (pacha imepungukiwa diski), na mahali pa diski ya zamani pana namba ndefu:

```
11840572093316548127  UNAVAIL  0  0  0  was /dev/ada0p4
```

Niirudishe ile ya zamani, au nimwombe mwenyekiti hela ya nyingine?

MamaSeva_Iringa

Hongera sana mdogo wangu, nimefurahi kweli.

Kwa usiku wa leo irudishe. Zima, chomeka, washa. ZFS itaitambua na kunakili zile tofauti tu zilizotokea wakati haipo. Lakini mwombe mwenyekiti hela ya nyingine kesho asubuhi. Sekta zikianza kuongezeka hivyo ndani ya mwezi mmoja, diski hiyo huitegemei tena. Ukipata ya kampuni tofauti na ada1 ni bora zaidi, ili zisichoke pamoja.

Siku ya kubadilisha, angalia sana majina. Ukichomoa ada0, ile nzima inaweza kujiita ada0. Usifuate mazoea, endesha `camcontrol devlist` na `gpart show`, na soma siriali namba kwa `smartctl -i`. Mimi naandika siriali ya kila diski kwenye plasta naibandika mbele, isomeke hata umeme ukiwa umekatika. Safari hii mpangilio wa patisheni unanakiliwa kutoka kwenye diski isiyoumwa kwenda kwenye mpya, bootcode na loader.efi kama ulivyofanya, kisha badala ya attach:

```
zpool replace zroot 11840572093316548127 ada1p4
```

Hapo ada1 iwe ndilo jina la diski mpya siku hiyo. Ukichomoa diski ya zamani huku imeshaunganishwa tena, namba hiyo utaiona upya kwenye status.

Halafu weka hii kwenye /etc/periodic.conf:

```
daily_status_zfs_enable="YES"
daily_scrub_zfs_enable="YES"
```

Ya kwanza inakuletea hali ya diski kwenye barua ya kila siku ya mfumo. Ya pili inasoma data yote takriban kila siku 35 na kurekebisha inachokuta kimeharibika. Barua hiyo ielekeze kwenye anwani unayoifungua kila asubuhi, na ya mwenyekiti pia.