MREJESHO: noti zilizokuwa zinapotea nikipiga piano kwa sauti ya chini

Wakuu habari, ni yule jamaa wa Kigoma niliyeuliza mbona nikipiga taratibu noti zingine hazitoki kabisa, nikiongeza kidogo tu zinalipuka mpaka mwalimu wa kwaya ananigeukia.

Kwanza niwape aibu yangu. Kinanda cha mazoezi hapa nyumbani Mwanga ile setingi ya kuhisi mguso ilikuwa imezimwa, yaani ubonyeze kwa hasira au kwa huruma sauti ni ileile, miezi yote hiyo vidole havikujifunza kitu 😂 nimeshaiwasha.

Ila piano ya kanisani ni ya nyundo na hapo mliosema ishu ni spidi sio nguvu mlinisaidia sana, maana kitufe kinashuka kama milimita 10 hivi na karibu na mwisho nyundo inaachiwa imalizie yenyewe kufika kwenye waya, sasa ukibonyeza polepole mno au ukaishia katikati kwa woga kama mimi, haifiki. Siku hizi kidole kinakuwa kimeshagusa kitufe kabla, nashuka mpaka chini kwa mwendo mmoja, bega limelegea. Mkono wa kushoto naupunguza zaidi ili melodi isikike. Kidole cha pete bado mkaidi, huyo tutapambana naye.

Jumapili nikapiga chini chini wakati wa sadaka, mama mmoja akaja kuniuliza, "Mwanangu, umeme ulipungua?"